Istilahi za Uangalizi wa Dundumio Wakati wa Ujauzito

Istilahi za utabibu zina mzigo ambao istilahi za fani nyingine hazina. Seremala akikosa jina la chombo huweza kukinyanyua na kukionyesha, na mnunuzi asiyejua jina la bidhaa huinyooshea kidole. Tezi iliyo chini ya ngozi hainyooshewi kidole, wala kemikali inayozunguka ndani ya damu haiwekwi mezani ili mgonjwa aitazame. Kati ya mkunga na mama mjamzito, kinachosafiri ni neno tu. Neno likipotoka njiani, dawa nayo hupotoka.

Katika makala hii tumechagua mfano mmoja, nao ni uangalizi wa tezi iitwayo dundumio wakati wa ujauzito. Tumeuchagua kwa kuwa jambo lenyewe halijulikani kadiri linavyostahili, na kwa kuwa baadhi ya maneno yanayotumika kulieleza yana kasoro ambazo zaweza kumdhuru mama na mtoto wake. Itatubidi basi tueleze elimu na lugha kwa pamoja, maana haiwezekani kuipima istilahi bila kukijua kitu inachokitaja.

Jina la tezi

Dundumio ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na mabawa yake hulikumbatia bomba la hewa kwa pande zote mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni kama gramu 20. Jina litumikalo katika lugha za Ulaya lilitolewa na tabibu Mwingereza Thomas Wharton mwaka 1656, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ngao, ambalo tayari lilikuwa jina la gegedu lililo jirani. Kwa maneno mengine, tezi iliazima jina la jirani yake. Twalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba neno la kigeni lina usayansi ndani yake ambao maneno yetu hayana. Wharton alifanya kile ambacho kila mbunaji wa majina hufanya: alitazama, akafananisha, akaita.

Katika Kiswahili twakuta majina kadhaa. Wengi husema tezi ya shingo, wengine tezi ya koo; katika maandishi ya biolojia hutumika dundumio au tezi dundumio; na siku hizi wapo wanaotohoa na kusema thairoidi. Jina la tezi ya shingo lina sifa ya kueleweka upesi, lakini ni kueleweka kunakodanganya. Shingoni mna tezi nyingi. Mtoto mwenye kidonda kichwani huota vinundu shingoni, na wazazi wake husema ana tezi. Mtu mwenye mafindofindo naye husema vivyo hivyo. Tena kwa masikio ya wengi neno tezi likitajwa peke yake huleta fikra ya tezi dume, ambayo ni maradhi ya wazee wa kiume. Mama akiambiwa kwa ufupi, "Una tatizo la tezi," atakuwa na haki ya kushangaa.

Kwa sababu hiyo twapendelea dundumio. Neno hili ni fupi, ni letu, halina kazi nyingine inayoligongana, na hupokea vivumishi na vitenzi kwa urahisi: dundumio kubwa, dundumio limevimba, dundumio limeondolewa. Pale msikilizaji anapolisikia kwa mara ya kwanza yafaa kusema "tezi dundumio, iliyo hapa shingoni," huku mkono ukiwekwa mahali pake. Baada ya hapo dundumio latosha.

Hapana budi pia kulitenga neno rovu, ambalo wengine husema goita. Rovu ni uvimbe wa dundumio. Si jina la tezi, wala si jina la kila ugonjwa wa tezi hiyo. Mtu aweza kuwa na rovu kubwa huku homoni zake zikiwa sawa kabisa; na mwingine aweza kuwa na shingo laini isiyo na uvimbe wowote, huku dundumio lake limeshindwa kazi. Mkunga anayemtazama mama shingoni na kuandika "hana rovu" ameandika kweli, illa asidhani kwamba ameandika "dundumio ni zima."

Kazi yake, na msimamizi wake

Dundumio huchukua iodini kutoka katika damu na kuitumia kutengeneza homoni. Iliyo kuu huitwa thairoksini, na kila chembe yake hubeba atomu nne za iodini. Mwanakemia Edward Kendall alifaulu kuitenga ikiwa safi tarehe 25 Desemba 1914, katika Mayo Clinic huko Marekani. Homoni hizi huongoza kasi ya mwili mzima: jinsi chakula kinavyochomwa, jinsi joto linavyotunzwa, jinsi moyo unavyopiga na, kwa mtoto aliye tumboni, jinsi ubongo unavyojengwa.

Dundumio halijiamulii lenyewe kiasi cha kazi. Chini ya ubongo mna tezi nyingine, ndogo kama punje ya maharage, iitwayo pituitari. Hii hupima homoni zilizomo ndani ya damu, na zikipungua hutoa homoni yake ya kuliamsha dundumio, zikizidi hunyamaza. Tufikirie msimamizi wa kazi na kibarua wake. Kibarua akifanya kazi vizuri msimamizi husema kwa sauti ya chini. Kibarua akilegea, msimamizi hupaza sauti. Kibarua akichapuka kupita kiasi, msimamizi hufunga mdomo. Aliye nje ya ukuta, asiyemwona kibarua, aweza kujua hali ya kazi kwa kuisikiliza sauti ya msimamizi, lakini lazima akumbuke kwamba sauti ikiwa juu kazi iko chini. Tunaomba msomaji aushike mfano huu, kwa sababu ndio utakaotufikisha kwenye kiini cha makala.

Mimba inapotunga, mahitaji huongezeka. Mwili wa mama hulazimika kutengeneza homoni za dundumio zaidi ya kawaida kwa kiasi cha nusu hivi, yaani penye mbili zatakiwa tatu. Damu yake huongeza protini zinazobeba homoni hizo, figo hupoteza iodini zaidi, na mtoto naye anataka sehemu yake. Kijusi hakina dundumio linalofanya kazi katika majuma ya mwanzo. Lake huanza kutoa homoni karibu na juma la 12, na halitoi za kutosha mpaka kama juma la 18 au 20. Hadi hapo ubongo wake unaojengwa hutegemea thairoksini ya mama inayopita katika kondo la nyuma. Upungufu mkubwa katika kipindi hicho huweza kuleta kuharibika kwa mimba, kuzaliwa kabla ya wakati, shinikizo la damu kwa mama, na udhaifu wa akili kwa mtoto ambao hautibiki baadaye.

Dalili nazo hazisaidii sana. Mama ambaye dundumio lake limelegea huchoka, hufunga choo, huongezeka uzito, husinzia. Mjamzito gani asiyekuwa na mambo hayo? Ndiyo maana twasema habari ya kupima damu, na ndiyo maana tarakimu, pamoja na neno linaloisindikiza, vimekuwa na uzito mkubwa hivi.

Neno "juu" na hatari yake

Karatasi ya maabara huonyesha herufi tatu, TSH. Hiyo ndiyo homoni ya pituitari, sauti ya msimamizi. Kwa kawaida ndiyo inayopimwa kwanza, kwa kuwa hubadilika upesi kuliko thairoksini yenyewe. Sasa tuchukue mfano wa mama aliyekuwa akimeza vidonge vya thairoksini hata kabla ya kushika mimba. Katika juma la nane anapimwa, na TSH inaonekana imepanda. Anayempa majibu, akitaka kurahisisha, anamwambia, "Mama, homoni yako ya tezi iko juu."

Mama huyu atafahamu nini? Atafahamu kwamba homoni zimemzidi. Naye ajua kwamba vidonge anavyomeza ni homoni. Kwa akili timamu kabisa ataona kwamba inafaa avipunguze au aviache, kumbe kipimo kimesema kinyume: homoni hazimtoshi, na inapasa vidonge viongezwe. Hajakosa akili wala usikivu. Kosa ni la istilahi moja iliyofunika homoni mbili zinazokwenda kwa mwelekeo tofauti.

Tafsiri ya neno kwa neno haituokoi. Wapo wanaoandika "homoni ichocheayo tezi ya shingo," na katika karatasi ya kitaalamu haina ubaya; lakini mdomoni hukatwa mara moja ikawa "homoni ya tezi," tukarudi palepale. Tena neno kichocheo limekwisha kazi nyingi mno. Wengine hulitumia kwa maana ya homoni kwa jumla. Katika kemia ni kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kubadilika. Tukiendelea hivyo tutajikuta tukisema "kichocheo cha kuchochea vichocheo," sentensi ambayo hata mwalimu wake hataielewa siku ya pili yake. Kwa maoni yetu neno homoni limezoeleka na libaki kwa kundi zima, na kichocheo kiachiwe kemia.

Kwa homoni ya pituitari twapendekeza kiamsha-dundumio. Kitenzi amsha huonyesha kwamba mwenye kuamshwa ni mwingine, na kwamba kelele za kuamsha huongezeka kadiri aliyelala anavyozidi kulala. Mama akiambiwa "kiamsha-dundumio kimepanda" atauliza kwa nini, na kuuliza ni bora kuliko kudhani amekwisha kufahamu. Homoni inayotoka katika dundumio lenyewe iitwe thairoksini, au homoni ya dundumio. Majina haya mawili yasibadilishane nafasi, hata kwa ufupisho.

Lakini istilahi njema haitoshi kama utaratibu wa kusema ni mbaya. Twashauri kwamba anayetoa majibu ataje kwanza hali ya dundumio, ndipo ataje tarakimu: "Dundumio lako limelegea, halitoi homoni za kutosha, ndiyo maana kiamsha kimepanda. Tutaongeza dawa." Kwa mpangilio huo neno "kimepanda" haliwezi tena kupotosha, kwa sababu maana imekwisha kutangulia.

Kuna na tanzu nyingine ya jambo hilohilo. Katika miezi mitatu ya mwanzo kondo la nyuma hutoa homoni yake, ileile inayotafutwa katika kipimo cha mimba cha mkojo, nayo hufanana kiasi na kiamsha-dundumio hata huweza kuliamsha dundumio bila pituitari kushughulika. Basi kwa wajawazito wengi wazima kiamsha huteremka katika kipindi hicho, zaidi kwa wenye kutapika sana au wenye mimba ya pacha. Hapa "chini" aghalabu si ugonjwa. Vipimo vya watu wasio na mimba havifai kutumiwa kwa mjamzito bila kurekebishwa. Miongozo mingi hupendelea kila nchi iwe na mipaka yake kwa kila kipindi cha mimba, na pasipo mipaka hiyo mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 uliruhusu kutumia miliuniti 4 kwa lita kuwa kikomo cha juu cha kiamsha katika kipindi cha kwanza.

Kulegea na kuchapuka

Tatizo la pili ni la majina ya magonjwa mawili yaliyo kinyume. Lugha za Ulaya zilitumia viambishi viwili vya Kiyunani, kimoja chenye maana ya chini na kingine chenye maana ya juu, navyo hutofautiana kwa sauti moja tu. Tukitohoa tutapata haipothairoidizimu na haipathairoidizimu. Msomaji ayatamke maneno hayo kwa sauti, mara tatu, kwa haraka, katika chumba chenye watoto wanaolia. Utohozi ni njia halali ya kukuza lugha na sisi si maadui wake, bali hapa umetuletea maneno mawili ambayo sikio haliwezi kuyatenga, yakiwa ni majina ya magonjwa ambayo dawa ya moja huuzidisha mwingine.

Kiswahili hakina sababu ya kurithi udhaifu huo. Twaweza kusema ulegevu wa dundumio kwa hali ya upungufu wa homoni, na mchapuko wa dundumio kwa hali ya kuzidi. Faida yake ni kwamba vitenzi vyake vipo tayari katika maneno ya kila siku: dundumio limelegea, dundumio limechapuka. Kuna mtu atakayesema kwamba kulegea huleta fikra ya kitu kilichoning'inia, mathalani ngozi au kamba. Ni kweli, lakini husemwa pia kazi imelegea na biashara imelegea, na maana hiyo ndiyo tunayoitaka. Mtu mwingine aweza kupendelea uhaba na wingi; twaogopa tu kwamba "uhaba wa dundumio" utafahamika kuwa tezi yenyewe haipo.

Mchapuko wa kweli huonekana kwa moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kutokwa jasho na kukonda hali mtu anakula. Sababu yake kubwa kwa wanawake wenye umri wa kuzaa ni ugonjwa wa Graves, ulioitwa kwa jina la Robert Graves, tabibu wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Katika ugonjwa huo kingamwili za mama mwenyewe huliamsha dundumio pasipo amri ya pituitari, na kingamwili hizo huweza kuvuka kondo na kulichapusha hata dundumio la mtoto. Dawa zake zahitaji uangalifu: carbimazole na methimazole zikitumika katika majuma ya mwanzo huweza kuleta kasoro za maumbile kwa mtoto, na kwa hiyo propylthiouracil hupendelewa katika kipindi hicho. Matibabu ya iodini yenye mnururisho ni haramu kabisa kwa mjamzito, kwani yatateketeza dundumio la mtoto pamoja na la mama.

Uangalizi wenyewe

Maneno ufuatiliaji na uangalizi hutumika kama pacha. Twaona afadhali uangalizi utumike kwa kazi nzima ya kumtunza mama huyu, na ufuatiliaji ubaki kwa vipimo vinavyorudiwa kwa tarehe maalumu. Kadhalika, kwa vile mimba hugawanywa katika vipindi vitatu, neno theluthi latutosha: theluthi ya kwanza, ya pili na ya tatu ya mimba. Ni neno la zamani, kila aliyegawa urithi alijua, na halihitaji maelezo.

Wataalamu hawajakubaliana iwapo kila mjamzito apimwe dundumio. Wanaokubaliwa na takriban wote ni wale wenye sababu: aliyepata kuugua dundumio au kupasuliwa, mwenye rovu, mwenye ndugu wa damu wenye ugonjwa huo, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyeharibikiwa na mimba mara kwa mara, na atokaye mahali penye upungufu wa iodini. Mama aliyekwisha kuwa katika matibabu ya ulegevu hushauriwa kuongeza thairoksini kwa asilimia 20 hadi 30 mara anapojua ana mimba, kwa maelekezo ya daktari wake. Kwa vidonge, ni kama viwili zaidi kwa juma. Baada ya hapo hupimwa kila majuma manne mpaka katikati ya mimba, kisha walau mara moja karibu na juma la 30. Akiisha kujifungua hurudi kwenye kiasi chake cha zamani, na hupimwa tena baada ya majuma sita.

Lipo jambo dogo ambalo husahauliwa. Wajawazito wetu hupewa vidonge vya madini ya chuma, navyo vikikutana tumboni na thairoksini huizuia isipokelewe na mwili. Vidonge vya chokaa hufanya vivyo hivyo. Yapasa vitenganishwe kwa saa nne. Maelekezo yasemayo "meza dawa zako zote asubuhi" ni mafupi na ni rahisi kukumbuka, nayo ni mabaya.

Iodini, aidini na madini joto

Kitu kilekile kina majina matatu, na kila jina lina maskani yake. Aidini huishi katika chupa ya dawa ya kahawia ya vidonda. Iodini huishi katika kitabu cha kemia. Madini joto huishi katika matangazo ya afya na katika pakiti ya chumvi. Mama aliyesoma hadi kidato cha nne aweza kuwa ameyasikia yote matatu asijue kwamba ni kitu kimoja.

Elementi hii iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois katika majivu ya mwani, na jina lake latokana na neno la Kiyunani la rangi ya zambarau, kwa sababu ya mvuke wake. Jina letu la madini joto halina habari ya rangi. Kama aliyelibuni aliikumbuka kazi ya dundumio ya kutunza joto la mwili, basi alikuwa na hoja. Lakini hoja hiyo haionekani ndani ya neno. Msikilizaji asiyeelezwa aweza kudhani kwamba ni madini yenye kuleta joto mwilini, na mjamzito mwenye homa au kiungulia akajiepusha nayo. Hata hivyo hatupendekezi lifutwe. Neno lililokwisha kuenea vijijini ni mali, na kulifuta ni kuwaambia watu waliojifunza kwamba wamejifunza bure. Yafaa zaidi majina yafungwe pamoja katika kila chapisho: madini joto, yaani iodini. Katika utabibu na katika vitabu vya shule iodini itangulie.

Shirika la Afya Duniani hukadiria mahitaji ya mjamzito kuwa mikrogramu 250 za iodini kwa siku, dhidi ya 150 za mtu mzima mwingine. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mchanga, lakini kikikosekana udongoni hukosekana katika mahindi, katika majani, katika maziwa na katika mwili. Nyanda za juu ambazo mvua imezisuuza kwa karne nyingi ndizo zenye shida zaidi. Kwetu Tanzania, Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu. Katika ziwa Kivu, upande wa Kongo, kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa sana na matabibu wa Kibelgiji tangu miaka ya 1960, nao walitambua kwamba muhogo usioandaliwa vizuri huzidisha madhara ya upungufu wa iodini, maana sumu yake ikibadilishwa mwilini hulizuia dundumio kuichukua iodini. Wakaao pwani nao wasijione salama kwa sababu ya bahari: chumvi inayokaushwa katika majaruba ya pwani hubaki na iodini kidogo sana mpaka itiwe.

Uthibitisho kwamba dawa lazima itangulie mimba ulitoka Papua New Guinea. Mwaka 1966 familia zilipewa sindano, wengine za mafuta yenye iodini, wengine za maji ya chumvi tu. Matokeo yaliyochapwa mwaka 1971 yalionyesha kwamba iodini iliyotolewa kabla ya mimba kutunga iliwakinga watoto na ulemavu mzito wa akili na mwili. Kenya iliagiza chumvi yote itiwe iodini mwaka 1978. Tanzania ilianza kwa kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika katika miaka ya 1980, ikafuatia na sheria za chumvi katika miaka ya 1990.

Ulemavu tulioutaja una jina katika lugha za Ulaya, ambalo asili yake ni lahaja ya Kifaransa ya milima ya Alps na maana yake ya kwanza ilikuwa "Mkristo," yaani hata huyu ni binadamu. Neno la huruma liligeuka tusi. Katika maandishi yetu ya zamani watoto hawa waliitwa mapunguani na mataahira, maneno ambayo hayakuhitaji safari ndefu kuwa matusi. Twapendekeza udumavu wa iodini: lataja kilichotokea na lataja sababu yake, wala halimpi mtoto lawama.

Baada ya kujifungua

Yamebaki mawili. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaa, kama mama mmoja kati ya ishirini hupatwa na uvimbe wa ndani wa dundumio usio na maumivu, ambao aghalabu huanza kwa mchapuko wa muda, kisha ukawa ulegevu. Uchovu wake na huzuni yake huhesabiwa kuwa ni kazi ya kulea. Hali hii yaweza kuitwa mchomo wa dundumio wa uzazi, mchomo ukiwa na maana ileile itumikayo kwa viungo vingine. La pili ni kipimo cha mtoto mchanga, ambapo tone la damu hutolewa kisiginoni katika siku zake za kwanza ili kuona kama dundumio lake lipo na linafanya kazi. Katika nchi nyingi kipimo hiki ni cha lazima. Katika Afrika Mashariki bado ni cha wachache. Jina kipimo cha kisigino linafaa na lienezwe mapema, kabla kifaa hakijafika na jina lake la kigeni.

Wasomaji walioko mikoani, hasa wakunga na waganga wa vituo vya afya, wanaombwa watupelekee maneno yanayotumika kwao kwa rovu, kwa tezi yenyewe na kwa chumvi yenye iodini, wakitaja lugha au lahaja na wilaya lilikosikika, pamoja na maoni yao juu ya kiamsha-dundumio, ulegevu na mchapuko.